Barua ya wazi kwa wakuu wa studio: gari mlilotuuzia halina kioo cha nyuma

Kwenu wakuu wa studio na wachapishaji wa gemu,

YAH: VITU VILIVYONYOFOLEWA KWENYE GEMU BILA SISI KUAMBIWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Siku gemu yenu ya mbio za magari ilipotoka nilikesha nikingoja ipakuliwe. Ilipomaliza nikafunga usukani mezani, nikasogeza vikanyagio mguuni, nikachagua gari na kuweka mwonekano wa ndani. Niseme kweli, ndani ya gari mmefanya kazi. Ngozi ya usukani imeshonwa kwa uzi mwekundu, na ukisogeza kamera unaweza kuihesabu mishono. Taa za dashibodi zinawaka moja baada ya nyingine, kama gari halisi linavyoamka. Mbio zikaanza, nikapita kona ya kwanza, nikasikia injini ya mtu mgongoni, nikainua macho kwenye kioo nione ni nani na anakuja upande gani. Kioo kilikuwa cheusi tii. Hakikuakisi barabara wala mbingu. Kipande cha plastiki kilichobandikwa pale ili gari lionekane lina kioo.

Nikadhani ni hitilafu. Nikazima, nikawasha. Nikaingia kwenye mipangilio, nikapekua kila ukurasa, mpaka ule wa lugha na ule wa rangi za wasioona vizuri. Hakuna. Baada ya siku tatu nikapata jibu, na halikutoka kwenu. Wachezaji wenzangu walikuwa wameketi wakalinganisha menyu za gemu hii na za ile iliyoitangulia, mstari kwa mstari, wakaandika kila kilichokuwepo na sasa hakipo. Kioo kilikuwa cha nne kwenye orodha yao. Nilisoma orodha hiyo mpaka mwisho na haikuwa fupi.

Nitasema ninachotaka kusema mapema, ili mwenye shughuli nyingi kati yenu aweze kuishia hapa. Kuchelewa tuliwasamehe. Kupunguza tungewaelewa. Kinachotuchoma ni kwamba mlijua nini kimetolewa, lini na kwa sababu gani, na mkatuacha tulipie kwanza halafu tukapapase wenyewe gizani.

Kwa sababu nitalaumu mengi, acheni kwanza niwatetee. Najua kwa nini kioo huwa cha kwanza kutolewa mhanga. Kioo kinachofanya kazi ni kamera ya pili: konsoli, ile mashine ya kuchezea, inalazimika kuichora dunia mara mbili, ya mbele na ya nyuma. Gemu yenu inaendeshwa kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, maana yake kila fremu ina takribani milisekunde 16.7 za kuishi. Ndani ya muda huo mdogo inabidi kukokotoa mshiko wa matairi manne ya kila gari, akili za wapinzani, mwanga, vivuli, moshi, sauti. Mhandisi aliyebanwa akiona fremu zinaanguka atatafuta kitu kizito ambacho watu hawatakiona kwenye picha za matangazo. Kioo ni kizito, na picha za matangazo hupigwa kutoka nje ya gari. Hesabu imekamilika.

Lakini hesabu hiyo ina majibu mengine, na nyinyi mnayafahamu kuliko mimi. Kioo kinaweza kuchorwa kwa ubora hafifu. Kinaweza kuondolewa vivuli na watazamaji. Kinaweza kuchorwa fremu moja na kuruka moja. Gemu za miaka mingi iliyopita zilifanya hivyo kwenye mashine ambazo leo simu ya mkononi inazizidi nguvu, na hatukulalamika, kwa sababu anayeendesha kwa mwendo wa mbio hahitaji kuona uzuri wa miti iliyo nyuma yake. Anataka kujua kitu kimoja tu: je, kuna gari, na liko kushoto au kulia?

Kwa mwendo wa kilomita 250 kwa saa gari linakwenda karibu mita 69 kila sekunde. Mmetupa kitufe cha kutazama nyuma badala ya kioo. Nikikibonyeza kwa nusu sekunde tu, nimeshapita karibu mita 35 bila kuona mbele. Katika kona nyingi hizo ndizo mita za kufunga breki. Matokeo yake mnayaona kila usiku kwenye mbio za mtandaoni: mtu anafunga njia bila kujua kuna mwenzake pembeni, wanagongana, na mfumo wenu wa adhabu unampa penalti aliyegongwa. (Huo mfumo wa adhabu unahitaji barua yake. Siigusi leo.)

Sasa kuhusu kuchelewa. Tarehe ya kwanza ilipopita mlisema mnataka kuing'arisha kazi. Ya pili ilipopita mlisema mmebadilisha injini ya gemu, ile programu ya msingi inayochora dunia na kuendesha fizikia. Anayefuatilia mambo haya anajua uzito wa kauli hiyo. Kubadili injini katikati ya kazi ni kuchimba msingi mpya wakati paa limeshaezekwa. Kila kilichofanya kazi jana, mvua, alama za matairi barabarani, marudio ya mbio, kioo, kinabidi kijengwe tena kwa mkono, na hakuna studio duniani yenye muda wa kukijenga chote. Hapo ndipo mlipojua. Siku ile ile mliyosema injini imebadilika, mezani kwa mmoja wenu kulikuwa na karatasi yenye safu mbili: vinavyorudi na visivyorudi. Sisi tukaletewa trela yenye muziki mzuri.

Na tusidanganyane kwamba wapenzi wa gemu za mbio hawana subira. Sisi ni watu wa kusubiri. Gran Turismo 5 ilitoa toleo dogo la kuonja, Prologue, huko Japani mwezi Desemba 2007, na gemu yenyewe ikatufikia tarehe 24 Novemba 2010. Ilipofika ilijivunia magari zaidi ya 1,000, ila kama 800 kati yake yalikuwa ya daraja la chini, yaliyorithiwa kutoka gemu za zamani, bila ndani iliyochorwa ipasavyo. Watu walinung'unika, na mimi nilikuwemo. Lakini mgawanyo huo ulitangazwa kabla gemu haijatoka, na magari yakapewa majina ya madaraja yao, Premium na Standard. Ukilichagua la Standard ulijua umechagua nini. Kasoro yenye jina mtu huizoea. Yenu mmeifunika kitambaa cheusi na kuiita kioo.

Wala kunyofoa vitu hamkukuanzisha nyinyi. F1 2015, gemu ya mbio za Formula 1, ilitoka bila sehemu ya kujenga kazi ya udereva msimu kwa msimu, na bila gari la usalama, lile linalopunguza mwendo wa mbio kukiwa na ajali, vitu ambavyo wapenzi wake walishavizoea. Mwaka mmoja baadaye F1 2016 ikavirudisha vyote viwili, na watu wakarudi. DriveClub ilikuwa itoke pamoja na PlayStation 4 mwezi Novemba 2013, ikasogezwa hadi Oktoba 2014, na ilipotoka seva zake, zile kompyuta za mtandaoni zinazounganisha wachezaji, zikazidiwa mno. Mvua haikuwepo siku ya kwanza, ikaletwa Desemba. Na ilikuwa mvua kweli: matone yanakimbia kwenye kioo cha mbele kufuata mwendo wa gari, mpaka leo watu wanaitolea mfano. Waliitengeneza ile gemu kwa subira mpaka ikapendwa. Evolution Studios, walioiunda, walifungiwa milango mwaka 2016, na seva zikazimwa tarehe 31 Machi 2020. Sisemi mwanzo mbaya ndio uliowamaliza. Biashara ina sababu nyingi. Nasema kila nikiikumbuka mvua ile huwa najiuliza ingekuwaje kama ingenyesha tangu siku ya kwanza.

Nikifika kwenye suala la kucheza wawili kwenye skrini moja, mnisamehe, hapa nitaacha kuzungumza kama mteja.

Mimi na mdogo wangu tumelelewa na gemu za namna hii. Televisheni moja, mstari mweusi katikati, yeye juu, mimi chini, na ugomvi wa nani amechungulia nusu ya mwenzake. Tulivyokua tukatawanyika, kila mmoja na maisha yake, na mbio ndizo zilizobaki kuwa lugha yetu. Hatupigiani simu kuulizana hali. Tunatumiana muda wa mzunguko. Mwaka jana mlipotoa ile video ya kuonyesha kazi inavyoendelea, kulikuwa na sekunde kama tatu hivi za watu wawili wameketi kwenye kochi, kila mmoja na padi yake ya kuchezea mkononi, skrini imegawanywa katikati. Mdogo wangu alinitumia kipande kile bila kuandika neno lolote. Nikaelewa. Nililipia kabla gemu haijatoka, jambo ambalo nilishaapa kutolifanya tena.

Akaja wiki ya pili baada ya gemu kutoka, padi yake kwenye begi. Tulikaa sakafuni, tukazunguka kwenye menyu zenu kama watu wanaotafuta ufunguo ndani ya nyumba ambayo si yao. "Labda lazima umalize ngazi ya kwanza ndipo inafunguka," akasema. Nikamaliza ngazi ya kwanza yeye akitazama. Haikufunguka kitu. "Labda kwenye sasisho lijalo, kaka." Mwishowe tulicheza kwa kupokezana: mimi mzunguko mmoja peke yangu barabarani, yeye mzunguko mmoja peke yake barabarani, tunalinganisha muda. Watu wawili chumba kimoja, kila mmoja akishindana na saa. Alishinda, kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, na hakushangilia.

Najua jibu la kiufundi. Ni lile lile la kioo, kwa ukubwa zaidi: kugawa skrini ni kuichora dunia mara mbili. Lakini Gran Turismo ya kwanza, ya mwaka 1997, iliwaweka wachezaji wawili kwenye skrini moja ndani ya konsoli yenye megabaiti 2 za kumbukumbu kuu. Waliipataje nafasi? Walipunguza magari na madoido, wakakubali kwamba picha itakuwa mbaya kidogo na watu watafurahi sana. Mngetupa magari mawili tu barabarani, bila mvua, kwa fremu 30, tungewashukuru. Mkaona ni bora kukosa kabisa kuliko kuonekana vibaya. Haya, ni uamuzi, na uamuzi ni haki yenu. Ila zile sekunde tatu za kochi mlitakiwa kuzikanusha kabla ya kupokea fedha za mtu. Huku ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Mengine nayataja nikipita. Mmeweka mbio za saa sita na hakuna namna ya kuhifadhi katikati. Mtu mzima mwenye kazi na familia mnamtaka akae saa sita mfululizo bila kuinuka. Marudio ya mbio yanafutika ukitoka. Wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta wanapanga mstari kama treni na hawamwoni mtu. Duka la ndani ya gemu, kwa upande wake, lilikamilika tangu siku ya kwanza na halijawahi kuganda hata mara moja. Hongereni kwa hilo.

Jambo moja siwezi kulipita haraka, nalo ni hii amri ya kuwa mtandaoni muda wote, hata ninapokimbia peke yangu dhidi ya kivuli changu mwenyewe, yaani rekodi ya mzunguko wangu wa nyuma. Mwezi Machi 2022 sasisho moja la Gran Turismo 7 liliharibika, na gemu ikalala zaidi ya saa 30. Waliotaka tu kuendesha peke yao nao karibu kila sehemu waliikuta imefungwa, kwa sababu nayo ilitegemea seva. Angalau pale Kazunori Yamauchi, muasisi wa Gran Turismo, mwenyewe alijitokeza akaeleza kilichotokea na kuomba radhi, na wachezaji wakapewa krediti milioni 1 za ndani ya gemu. Mfano wa pili ni mbaya zaidi. The Crew ya Ubisoft, iliyotoka 2014, ilizimwa seva tarehe 31 Machi 2024, na pamoja nazo ikafa hata safari ya mtu peke yake. Aliyeinunua akabaki na kasha. Kisa hicho ndicho kilichowasha kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka gemu zilizouzwa zisiuawe kwa kuzimiwa seva, ambayo mwaka 2025 ilivuka saini milioni 1 barani Ulaya. Watu milioni hawatii saini kwa sababu wamekosa la kufanya.

Gemu yenu ina mwezi mmoja na seva zimeshaanguka mara tatu. Kila zikianguka, lile gari zuri lenye uzi mwekundu linakuwa picha. Sijui mtaziendesha seva hizo kwa miaka mingapi, na hakuna mahali mlipoandika. Wekeni sehemu ya kucheza peke yako bila mtandao, sasa, wakati wahandisi walioijenga bado wako mezani. Mkisubiri mpaka siku ya kuzima hakutakuwa na mtu anayekumbuka waya gani unakwenda wapi.

Kuna jambo nataka lisikike na upande wangu pia. Tangu gemu itoke nimeona wenzetu wakiwatukana wafanyakazi wa studio kwa majina, mpaka wabunifu wa sauti ambao hawakuhusika na kioo wala skrini. Ni aibu yetu. Aliyeshona ule uzi mwekundu alifanya kazi yake mpaka mwisho, pengine usiku wa manane, wiki ambayo hakuwaona watoto wake. Hakuwa yeye aliyepanga tarehe, wala hakuketi kwenye kikao kilichoamua kwamba kioo kitoke na habari zake zisitoke. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mliokuwa kikaoni, na sitaki jibu lenu lije kwa mdomo wa kijana wa mitandao ya kijamii mliyemwacha mlangoni apokee mawe.

Jibu hilo nimeshalisoma, kwa kweli. "Tunasikiliza maoni yenu." Nimelihesabu mara nne. Mtu anayesikiliza hufika mahali akasema kitu.

Ninachoomba ni ile karatasi ya safu mbili. Itoeni. Semeni kioo kinarudi au hakirudi, skrini ya wawili inarudi au hairudi, kuhifadhi mbio, marudio, na sehemu ya nje ya mtandao. Kama hamna tarehe msiweke tarehe. Tumeshaona tarehe zenu zinavyoenda. Kama kitu hakirudi kabisa, andikeni hakirudi, na aliyelipia kwa sababu ya kitu hicho mrudishieni fedha bila kumzungusha. Na kama gemu ilikuwa haijaiva, kulikuwa na njia ya heshima. Wreckfest ilianza kuuzwa Januari 2014 ikiwa bado inajengwa, kwa kusema wazi kwamba bado inajengwa, na toleo kamili likatoka Juni 2018. Miaka minne na zaidi! Walioinunua mapema walijua wamenunua karakana, wakakaa humo wakitazama mabati yakigongwa. Nami ningekaa kwenu. Mngeniambia tu ni karakana.

Gemu yenu sijaiuza. Jana usiku nilikimbia mizunguko kumi nikiwa na kamera ya nje, nyuma ya gari, maana ndiyo pekee inayonionyesha walio karibu yangu. Tairi zilipoanza kuchoka mzunguko wa saba, usukani ukawa mwepesi mikononi, gari likaanza kuteleza kidogo kidogo likitoka kona, nikalirudisha kwa ncha za vidole, na kwa dakika mbili tatu nilisahau kila nilichoandika hapa. Fizikia ile ni kazi ya watu wanaopenda magari. Inaniuma kwamba nilikuwa naitazama kutoka nje.

Mdogo wangu anakuja tena mwisho wa mwezi. Ameniuliza kama aje na padi yake. Sijamjibu, nawasubiri nyinyi.

Ndimi,
Mchezaji wenu tangu gemu ya kwanza